Uwakili wa Miaka Elfu: Shinkolobwe, Kilwa na Ardhi Yenye Mionzi

Katika sharika zetu neno uwakili limepunguzwa mno. Mshirika akilisikia likitangazwa Jumapili, mkono unakwenda mfukoni. Anajua bahasha zinapita, ahadi za mwaka zinakumbushwa, na mhazini ana orodha yake. Hatuzilaumu bahasha, maana bila hizo makanisa mengi yasingeezekwa. Lakini katika Luka 16 yule tajiri hakumwita wakili wake amletee sadaka. Alimtaka hesabu ya mali isiyokuwa yake, mali aliyoikuta na ambayo ingeendelea kuwepo baada ya yeye kuondolewa kazini. Makala hii inahusu mali ya namna hiyo, ila ni mali ambayo hakuna anayeitamani: ardhi iliyochimbwa au kusafishiwa urani, kisha ikafukiwa na kufungwa, na ambayo sasa inadai mtu wa kuiangalia kwa muda mrefu kuliko umri wa serikali yoyote tuijuayo.

Tunaandika kutoka Mchinga, kwenye pwani iliyo kati ya Kilwa na Lindi. Hapa hapana mgodi wa urani. Tuna sababu mbili za kulishika jambo hili hata hivyo. Ya kwanza, wenzetu wasemao Kiswahili huko Katanga wameishi nalo kwa zaidi ya miaka 100, na historia yao haisimuliwi vya kutosha katika makanisa yetu. Ya pili, wataalamu wa nchi tajiri wanapopanga ulinzi wa ardhi hiyo hutaja miaka 1,000, nasi tunakaa jirani na mji ambao una umri kama huo. Tunaweza kwenda Kilwa Kisiwani kwa mashua na kujionea miaka 1,000 inafanya nini.

Tuanze Katanga. Mwaka 1915 Mwingereza Robert Sharp, aliyekuwa akitafuta madini kwa ajili ya kampuni ya Union Minière, aligundua urani mahali paitwapo Shinkolobwe, karibu na mji ambao leo unaitwa Likasi. Wakati ule urani yenyewe haikuwa na soko kubwa. Kilichotafutwa ni radiamu iliyomo ndani yake, iliyotumika hospitalini na kwenye saa zenye mishale inayong'aa gizani. Uchimbaji ulianza mwaka 1921, na mawe yakapelekwa Olen, Ubelgiji, kusafishwa. Baada ya miaka kadhaa soko likajaa, mgodi ukaachwa, maji yakapanda ndani ya mashimo.

Vita Kuu ya Pili ndiyo iliyoyafungua tena. Mkuu wa kampuni hiyo, Edgar Sengier, aliogopa kwamba Wajerumani wangeikamata akiba ya mawe yale, hivyo mwaka 1940 akasafirisha zaidi ya tani 1,200 hadi New York, yakawekwa ghalani kwenye kisiwa cha Staten Island. Septemba 1942 ofisa wa jeshi la Marekani, Kenneth Nichols, alimfuata Sengier ofisini na kuyanunua. Mawe ya Shinkolobwe yalikuwa ya ajabu: baadhi yake yalifikia asilimia 65 ya oksidi ya urani, wakati migodi mingine ilijivunia hata ikipata chini ya asilimia moja. Wamarekani wakasaidia kuufufua mgodi, na Wakongo wakarudi shimoni kuchimba kwa mikono yao kitu ambacho hawakuambiwa ni cha kazi gani. Sehemu kubwa ya urani ya mabomu ya kwanza ilitoka katika shimo lile. Mwezi Agosti kila mwaka dunia huikumbuka Hiroshima, nayo haki yake ni kukumbukwa; lakini sala za siku hiyo tulizowahi kuzisikia hazikutaja Likasi.

Mwaka 1960, Kongo ilipokaribia uhuru, kampuni iliufunga mgodi. Mitambo iling'olewa na midomo ya mashimo ikazibwa kwa zege. Kwa macho ya wahandisi kazi ilikuwa imekwisha. Kwa miongo kadhaa mahali pale palibaki kimya.

Hapa tunaomba msomaji atulie kidogo, maana ndipo kiini cha jambo kilipo. Zege lile lilikuwa gumu, lakini halikumweleza mtu chochote. Halikusema chini kuna nini, wala nani aulizwe. Kampuni ilitaifishwa, wakoloni wakaondoka, nchi ikapita katika vita na njaa, na mishahara ya serikali ikawa hadithi. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990 kampuni za dunia zilikuwa zinataka kobalti, na Shinkolobwe ilikuwa na kobalti nyingi. Vijana wakaja na sururu na viroba. Walichimba pembeni mwa zege, juu yake na chini yake. Kikazaliwa kijiji cha maelfu ya watu, chenye maduka na nyumba za ibada. Kobalti waliyoipakia ilikuwa imechanganyika na urani, na vumbi lake walilivuta usiku na mchana.

Serikali ya Kongo ilipiga marufuku uchimbaji huo kwa amri ya rais ya tarehe 28 Januari 2004. Amri ilisomwa, uchimbaji ukaendelea. Mwezi Julai mwaka huohuo shimo likaporomoka na kuua watu wanane. Ndipo kijiji kikavunjwa, na miezi michache baadaye wataalamu wa Umoja wa Mataifa wakaja kupima. Walieleza kwamba mashimo yalikuwa hatari ya kuporomoka tena, na kwamba waliofanya kazi pale kwa muda mrefu walikuwa wakipata mionzi isiyofaa. Baada ya ripoti, wataalamu wakaondoka.

Wapo wanaoisimulia habari hii kama habari ya ujinga: watu wasiojua wamechezea kitu cha hatari. Hatukubaliani nao. Wengi walikuwa wamesikia kwamba pale pana kitu kibaya. Walikuwa pia na watoto wasiokula. Onyo lisilo na mkate pembeni yake huchelewesha tu, na mchungaji yeyote aliyewahi kuhubiri dhidi ya kuchoma mkaa katika kijiji ambacho hakina kazi nyingine analijua hilo.

Sasa tuyafuate mawe yenyewe, kwa kuwa hayakwisha yaliposafishwa. Wengi hudhani urani ikishatolewa, kinachobaki ni udongo wa kawaida. Sivyo. Urani hutolewa, lakini thoriamu na radiamu hubaki katika topesumu, na pamoja na vizazi vyake hubeba takriban asilimia 85 ya mionzi iliyokuwa kwenye jiwe. Radiamu hupungua nusu kila baada ya miaka 1,600 hivi. Aina ya thoriamu inayoizaa hupungua nusu kila baada ya miaka 75,000. Kwa lugha ya historia ya Kanisa: kama chupa ya radiamu ingefukiwa Hippo siku aliyokufa Augustino, mwaka 430, leo ndiyo kwanza ingekuwa imefika nusu.

Mawe ya Shinkolobwe yalisafishwa katika viwanda kadhaa vya Marekani, kimojawapo kikiwa cha Mallinckrodt katika mji wa St. Louis, Missouri. Mkataba wa mauzo ulikuwa na kifungu cha kuchekesha ukikisoma leo: Wabelgiji waliuza urani, lakini radiamu iliyobaki kwenye makapi iliendelea kuwa mali yao. Kwa hiyo makapi yalitunzwa kama mali ya mtu, kwa sababu ya tamaa ya bei ya radiamu. Bei ilipoanguka, hakukuwa na mwenyewe aliyekuja kuchukua mali yake. Mengine yakawekwa Lewiston, karibu na maporomoko ya Niagara. Mengine kwenye matangi makubwa ya zege huko Fernald, Ohio. Huko St. Louis makapi ya aina nyingine yalihamishwa kutoka kiwanja hadi kiwanja, na mwaka 1973 sehemu yake ikachanganywa na udongo na kutupwa kwenye dampo la taka za kawaida liitwalo West Lake. Tunayataja haya ili msomaji asidhani kwamba Wakongo walishindwa na Wazungu wakaweza. St. Louis ilikuwa na wahandisi, mahakama, magazeti na fedha, na bado udongo huo uliishia kwenye taka.

Hata hivyo huko walifika mahali wakabadilika, na haki inatutaka tuliseme hilo pia. Mwaka 1978 walitunga sheria ya makapi ya urani. Kanuni zilizofuata zilidai kwamba kifuniko cha makapi kijengwe kidumu miaka 1,000 inapowezekana, na kwa vyovyote isiwe chini ya miaka 200. Mwaka 2003 Wizara yao ya Nishati ikaunda ofisi maalumu ambayo kazi yake ni kuangalia maeneo yaliyokwisha kusafishwa: kukagua vifuniko, kupima maji ya visima, kukata miti inayoota mahali isipotakiwa, kutunza nyaraka. Leo inaangalia maeneo zaidi ya 100. Fernald makapi ya matangi yalipelekwa Texas, na kiwanja kikageuzwa hifadhi ya ndege na majani, huku maji ya ardhini yakiendelea kusafishwa. Weldon Spring, nje ya St. Louis, walijenga kilima cha mawe chenye ukubwa wa ekari 41 na kimo cha mita 23 hivi. Ndani yake, pamoja na mengine, kuna vifusi vya kiwanda kilichosafisha mawe ya Kongo. Pembeni wamejenga nyumba ya makumbusho, na watoto wa shule hupanda ngazi hadi juu ya kilima, wakasoma vibao kuhusu kilicho chini ya miguu yao.

Kwa hiyo jiwe lililotoka katika shimo moja lina hali mbili. Missouri lina kilima, bajeti, mkaguzi na mwalimu. Shinkolobwe, alikozaliwa nalo mchimbaji, lina shimo. Mtu akitaka kujua dhuluma ya kikoloni iko wapi leo, tungemwonyesha hapo kabla ya kumwonyesha sanamu zilizoko Brussels.

Lakini je, hao wa Missouri wataweza miaka 1,000? Hapa ndipo tunapoomba kuongoza mjadala, maana sisi wa pwani hii tunayo miaka 1,000 ya kutazama. Sehemu ya kale ya Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani ilijengwa katika karne ya 11. Mwaka 1331 Ibn Battuta alipita, akausifu mji. Kilwa ilitengeneza sarafu zake yenyewe na kushika njia ya dhahabu ya Sofala. Mwaka 1505 Wareno wakaupora na kujenga ngome. Wakaja Waomani, Wajerumani, Waingereza, kisha uhuru. Tangu sultani wa kwanza hadi mwenyekiti wa kijiji wa leo hakuna ofisi hata moja iliyodumu. Hakuna hazina iliyokabidhi hazina nyingine.

Mawe, kinyume na ofisi, yamedumu, ingawa hayasemi waliyokusudia wajenzi. Tazama lile jengo kubwa la mwamba wa kaskazini liitwalo Husuni Kubwa. Husuni ni ngome. Lakini Neville Chittick na wenzake walipolichimba katika miaka ya 1960 walikuta jumba la sultani la karne ya 14, lenye ua, kisima cha kuogea chenye pembe nane na maghala ya biashara. Jina lilikuwa limepotosha, na hakuna aliyelipotosha kwa makusudi. Watu walisahau jumba lilikuwa la nini, wakaliita kwa jinsi lilivyoonekana. Na lile jengo lililo ufukweni liitwalo Gereza? Wataalamu wa lugha husema neno gereza lilitokana na neno la Kireno lenye maana ya kanisa. Kwa sisi wachungaji hilo ni somo chungu, lakini kwa hoja yetu latosha kusema hivi: ndani ya karne mbili au tatu neno la nyumba ya Mungu likawa neno la nyumba ya wafungwa, na wanaolitumia hawajui kwamba limehama. Jina la hapa kwetu nalo limesafiri. Kijana anayeuza soksi Kariakoo anaitwa machinga, jina ambalo kwa kawaida huhusishwa na Wamachinga wa pwani hii. Muulize Mchinga iko wapi.

Tena maandishi. Babu zetu wa pwani waliandikiana Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Shule za wakati wa Wajerumani zikaleta herufi za Kilatini, na baada ya vizazi vitatu au vinne familia nyingi zina barua sandukuni ambazo hakuna nyumbani awezaye kuzisoma, ingawa lugha ni ileile. Anayeweka kibao cha Kiingereza juu ya makapi ya urani na kutegemea kisomwe mwaka 3000, na aje kwanza kusoma barua hizo.

Tatizo hili Wamarekani waliliona. Mwaka 1984 mtaalamu wao wa alama na lugha, Thomas Sebeok, aliandika ripoti juu ya namna ya kuwaonya watu wa vizazi 300 vijavyo, miaka 10,000, wasichimbe taka za nyuklia. Alipendekeza jambo litakalomshangaza msomaji wa kitabu hiki: kuundwe kundi la watu alioliita ukuhani wa atomu. Hao wachache wangejua ukweli na kurithishana. Watu wengine wote wangelindwa kwa hadithi za kutisha na desturi za miiko, kizazi baada ya kizazi, ili waogope kukaribia bila kujua kwa nini.

Ni jambo la heshima kwa namna fulani. Mtaalamu asiye mtu wa kanisa alitazama taasisi zote za binadamu akaona kwamba zinazobeba neno kwa muda mrefu ni za dini. Lakini tukiwa tunaoishika kazi hiyo ya ukuhani kwa kweli, tunalikataa pendekezo lake, na si kwa sababu ya adabu tu.

Pwani hii inajua maeneo yanayolindwa kwa hofu. Pana misitu ya mizimu ambayo mtu haingii na panga. Kwa miaka mingi hofu hiyo ilihifadhi miti. Kisha akaja mtu wa mbali mwenye msumeno, ambaye hakuzaliwa na hofu hiyo, akakata siku tatu mfululizo, na hakupatwa na kitu. Tangu siku hiyo hata wenyeji walikata. Hofu isiyo na sababu inayojulikana hubomolewa na mtu mmoja asiyeogopa. Tena mionzi ni ya hila kuliko mzimu: anayechimba Jumatatu haanguki Jumanne. Ugonjwa unaweza kuja baada ya miaka 20, wakati hakuna anayekumbuka shimo.

Kuna sababu kubwa zaidi. Katekisimo inatufundisha katika amri ya nane tusishuhudie uongo juu ya jirani, na mtu wa kizazi cha 300 ni jirani. Ezekieli 33 inazungumza juu ya mlinzi wa mji aliyewekwa kupiga tarumbeta. Mlinzi yule hupiga anapouona upanga unakuja, na damu itadaiwa mkononi mwake asipopiga. Hakuna mahali anapoambiwa atunge upanga ili watu wawahi kulala. Historia ya Kanisa ina mifano mingi ya makuhani waliowafunga watu kwa hofu ambayo wao wenyewe hawakuiamini, na sisi Walutheri tunajua matengenezo yalianza kwa kubishana juu ya biashara ya hofu hiyo. Kuuanzisha ukuhani wa namna hiyo kwa makusudi, hata kwa nia njema, ni kurudi nyuma ya mwaka 1517.

Basi Kanisa litoe nini badala yake? Mfano mmoja uko hapahapa Kilwa, na hatukuuanzisha sisi. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yakawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini: mvua na mawimbi vilikuwa vinaangusha kuta. Mwaka 2014 yakatolewa kwenye orodha hiyo. Katikati ya miaka hiyo fedha zilikuja kutoka nje, ni kweli, lakini kilichofanya kuta zisimame ni kwamba wanakijiji walifundishwa uashi wa chokaa wa zamani, mikoko ikapandwa kuzuia mawimbi, na watu wa visiwani wakawa na kamati zao za magofu. Anayetunza ukuta anaishi karibu nao. Analipwa kwa kazi yake, na mtoto wake anamwona akiifanya.

Mfano wa pili unauma. Kilwa Kivinje pana mahali paitwapo Mwembe Kinyonga, ambapo Wajerumani waliwanyonga watu waliopinga utawala wao. Hakuna aliyehitaji kutunga mzimu. Watu walipaita kwa jina la kilichotokea, na mtoto anayeuliza maana ya jina hilo anajibiwa ukweli. Ndivyo ilivyokuwa kwa yale mawe 12 ya Yordani katika Yoshua 4: yaliwekwa ili watoto waulize, na wazazi wakaamriwa kuwa na jibu. Jiwe bila mzazi mwenye jibu ni zege la Shinkolobwe.

Sasa jambo hili limesogea karibu na kwetu. Urani si mgeni Tanzania. Wajerumani waliikuta Lukwengule, katika milima ya Uluguru, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Lakini mgodi mkubwa ni wa Mto Mkuju, wilayani Namtumbo. Mwaka 2012 Kamati ya Urithi wa Dunia ilikubali mpaka wa Pori la Akiba la Selous ubadilishwe ili eneo la mgodi litoke nje. Leseni ilitolewa mwaka 2013. Bei ya urani ilikuwa imeporomoka baada ya ajali ya Fukushima, mradi ukalala, na Julai 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua kiwanda cha majaribio, mradi ukiwa chini ya Rosatom ya Urusi. Ardhi hiyo ni ya bonde la Rufiji, na Rufiji humwaga maji yake baharini kaskazini ya Kilwa, kwenye mikoko ambamo wavuvi wetu huvua kamba.

Hatusemi mgodi usichimbwe. Namtumbo wanahitaji kazi, nchi inahitaji mapato, na tunayo Tume ya Nguvu za Atomu na sheria zinazomdai mwekezaji mpango wa kufunga mgodi na dhamana ya fedha. Tunachouliza ni cha baadaye. Mgodi utaishi miongo michache. Topesumu itabaki. Siku kampuni itakapokabidhi funguo, nani atazipokea, na nani atampokea yule? Kusini tumeshaona miradi mikubwa ikiondoka. Mifupa ya mijusi wakubwa wa Tendaguru ilibebwa vichwani hadi Lindi kati ya 1909 na 1913, ikapelekwa Berlin. Mpango wa karanga wa Nachingwea ulitangazwa kwa mbwembwe mwaka 1947, ukafutwa mwaka 1951, na reli yake ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Shamba la karanga likiachwa, huota miombo tena, na hakuna anayedhurika. Topesumu ikiachwa haioti kuwa kitu kingine.

Yeremia, mji wake ukiwa umezingirwa, alinunua shamba huko Anathothi. Sura ya 32 inaeleza utaratibu wa hati kwa undani ambao wahubiri huuruka: nakala mbili, moja imetiwa muhuri na moja iko wazi, mbele ya mashahidi, zote zikatiwa katika chombo cha udongo zidumu siku nyingi. Iliyofungwa ni ya kuthibitisha. Iliyo wazi ni ya kusomwa na yeyote.

Tungependekeza sharika za bonde la Rufiji na za pwani hii zianze hapo, kabla mgodi haujashika kasi. Ziombe vipimo vya maji ya mito na visima vya sasa, namba zenyewe, pamoja na tarehe na mahali. Ziviandike kwa Kiswahili kwenye madaftari matatu, na kila mwaka ziongeze ukurasa. Usomwe ukurasa huo hadharani siku moja ya mwaka, kama tunavyosoma taarifa ya fedha ya usharika, watoto wa kipaimara wakiwepo. Daftari moja likae ofisi ya kijiji, moja kanisani kando ya kitabu cha ubatizo, na moja msikitini. Huku pwani tungeanza kwa kwenda msikitini kuomba, maana wao wamekaa mahali pamoja kwa muda mrefu kuliko sisi, na huenda daftari lao ndilo litakaloonekana.